Jumlisha Kabla ya Toa

Siku matokeo ya sapu yalipotoka, mhadhiri wetu wa hesabu aliniita ofisini. Nikakaa kwenye kiti alichonionyesha, mkoba mapajani, kama mzazi aliyeitwa shule kwa ajili ya mtoto mtukutu. Kumbe mtukutu mwenyewe ni mimi.

"Mwalimu," alisema, maana alijua kazi niliyokuwa naifanya, "kalkulasi ya kwanza umepita kwa kukwaruza, tena kwa mtihani wa marudio. Muhula ujao ni kalkulasi ya pili. Kanuni unazijua. Ukianguka tena kwenye somo hili, ni disko."

Disko ya chuoni haichezwi. Maana yake unafutiwa masomo, unafunga virago, unarudi ulikotoka. Nilikotoka mimi ni darasa la tano, shule ya msingi pembezoni mwa mji wa Iringa, ambako nilifundisha hesabu miaka mingi kabla ya kupata ruhusa ya kuja Mbeya kusomea shahada. Walimu wenzangu waliniaga kwa kitenge na keki. Mwalimu mkuu alisimama akasema ninakwenda kuwafungulia njia. Sasa nirudi kabla hata mwaka haujaisha, niingie ofisi ya walimu, niseme nini? Thubutu! Bora ardhi inimeze.

"Nifanye nini basi?" nikamuuliza.

"Usisubiri muhula uanze. Likizo hii rudia msingi. Watu hawafeli kalkulasi kwa sababu ya kalkulasi. Wanafeli kwa vitu vya chini."

Ah, nilikasirika! Mimi ni Mhehe, na hasira zetu zinajulikana mpaka Tunduma. Mtu mzima, niliyewafundisha watoto wa watu hivyo vitu vya chini, naambiwa nikavirudie! Nilishuka ngazi nikinung'unika, nikapita getini bila kumsalimia mlinzi, nikafika chumbani kwangu Iyunga bado nabishana na mhadhiri kichwani. Lakini hasira haibadilishi matokeo. Darasani kwetu wengine wote walikuwa vijana waliotoka kidato cha sita, kalkulasi walishaionja. Mimi nilipita njia ya vyuo vya ualimu, cheti kwanza halafu stashahada, na hiyo kalkulasi nilikutana nayo chuo kikuu, na mvi mbili tatu kichwani. Vijana waliniita Madam. Walikuwa na heshima, siwezi kuwasingizia, lakini kila walipoambiwa wagawane makundi ya kusomea niliona macho yao yananikwepa.

Nikafunga vitabu vyangu kwenye begi, nikapanda basi kwenda Iringa kwa mama.

Mama anaishi peke yake kwenye nyumba yetu ya mteremkoni. Baba alishatangulia, wadogo zangu wameolewa mbali, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye mpaka siku ile ya kitenge na keki. Ilikuwa kipindi cha mvua, ukungu hauondoki hadi jua la saa nne, na uani matope matupu. Nilipanga nikae mezani kuanzia asubuhi, nirudie milinganyo, nirudie pembetatu zile za saini na kosaini, nifike kwenye intego, zile hesabu za kalkulasi ya pili. Nilipanga vizuri sana.

Mama hakuwa na habari na mipango yangu. Nikifungua kitabu, ananiita nimshikie kuku. Nikikaa tena, kuna msiba kwa jirani na haiwezekani nyumba yetu ikose mtu wa kupika. Nikitoka msibani, wanawake wa jumuiya wamekuja kunisalimia, na salamu za Kihehe mnazijua, kamwene moja inazaa habari za nyumba nzima hadi mbuzi. Wakiondoka, mama analeta mahindi ya kuchoma, anakaa mbele yangu, ananitazama.

"Hii masomo yako inaisha lini?" anauliza.

"Bado sana, mama."

"Na ikikushinda?"

"Hainishindi!"

"Nasema tu. Ng'ombe akivunjika mguu malishoni, hukimbilia zizini."

"Mguu wangu haujavunjika, mama! Mbona unaniombea mabaya?"

Anainuka anakwenda jikoni. Nami nabaki na kitabu. Nilijiambia, mzazi wangu mwenyewe hana imani na mimi. Kila aliponiambia maneno ya namna ile nilimjibu kwa ukali, na sikuona sababu ya kufanya vinginevyo.

Sasa sikilizeni mateso yenyewe. Kama ningekuwa sielewi, ningesema sielewi, yakaisha. Lakini nilianza kuelewa! Kalkulasi ya kwanza ni kukata kitu vipande vidogo vidogo kuona kinavyobadilika. Ya pili ni kuvikusanya vile vipande upate kitu kizima, labda eneo lililo chini ya mstari uliopinda. Njia zake nilizishika. Najua wapi pa kubadilisha herufi, najua wapi pa kuivunja hesabu kwa vipande viwili. Nashuka mstari kwa mstari, mwandiko safi wa mwalimu wa darasa la tano, nafika mwisho, nafungua majibu nyuma ya kitabu. Sivyo. Nafuta, naanza upya, napata jibu langu lile lile la kwanza. Kitabu kinasema vingine.

Mwanzoni nililaumu kitabu. Nikasema hawa wachapaji wamelewa. Nikaazima kitabu cha pili. Nacho kikakubaliana na cha kwanza. Hapo nikaanza kuogopa. Kukosea kwa sababu hujui ni ugonjwa wenye dawa, unasoma unapona. Lakini kukosea kila siku na hujui unakosea wapi? Nilidhani akili yangu imechakaa. Kuna usiku, sikudanganyi, niliwaza hata kama kuna mtu shuleni aliyenionea wivu akanifanyia kitu, na mimi ni mtu wa kanisani, naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Siku moja mama alinikuta jikoni nimeshika kisu mbele ya vitunguu, nalia, akanipokea kisu. Vitunguu vyenyewe nilikuwa sijavimenya.

Nilimpigia simu binti mmoja wa darasani kwetu. Ndiye pekee aliyewahi kunikalisha karibu naye. Kwao ni Mbeya mjini, familia ya Waislamu wauza vitambaa, babu zao walikuja kutoka pwani zamani, na ana Kiswahili cha kukucheka usoni bila wewe kujua umechekwa.

"Madam, umepotea! Huko kwenu Iringa hakuna mtandao au mnaogopa baridi itaingia kwenye simu?"

"Mdogo wangu, usinitanie leo. Maji yamenifika shingoni."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mficha uchi hazai. Rudi Mbeya mapema, uje nyumbani, ufanye hesabu mbele yangu nikuone. Sio unitumie picha. Nikuone."

Nikamuaga mama kabla ya likizo kuisha. Alinifungia karanga na unga wa ulezi, akanisindikiza hadi stendi na mvua ile, akasimama pembeni ya basi na mwavuli wenye mkono uliovunjika. "Ukishindwa si dhambi," aliniambia dirishani. Nikageuza uso, nikajifanya natafuta tiketi.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Nilifika kwao alasiri, yule binti amefunga, midomo imekauka, lakini ulimi wake bado ni mbichi. Tulikaa sebuleni kwenye mkeka. Akaniandikia hesabu moja, ya kutafuta eneo chini ya mstari, akaegemea ukuta. "Fanya. Mimi sipo."

Nikafanya. Niliivunja vipande kama inavyotakiwa, mara moja, mara ya pili. Nilimsikia akisema "safi" kwa sauti ndogo. Nikafika mstari wa mwisho kabisa, pale panapobaki kukusanya tu. Palikuwa na ile namba yao wanayoiita e, ambayo ni kubwa kidogo kuliko mbili na nusu. Mstari ulisomeka hivi: e, toa e mbili, jumlisha e mbili, toa mbili. Nikachora upinde mdogo juu ya zile zilizo kushoto na kulia kwa jumlisha, nikazikusanya kwanza zikawa e nne. Nikatoa. Nikapata hasi e tatu, toa mbili. Nikapiga mstari chini ya jibu kwa rula.

"Madam," alisema taratibu. "Hili ni eneo. Kama kiwanja. Umeshaona kiwanja chenye ukubwa hasi?"

"Ndiyo maana nalia kila siku!"

"Huu upinde ni wa nini?"

"Naanza na jumlisha."

"Kwa nini unaanza na jumlisha wakati toa ndiyo iliyotangulia?"

Nikamtazama. Swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuulizwa. "Magazijuto," nikamjibu.

Kama umesoma shule ya msingi Tanzania hii, huhitaji kuelezwa. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. MA-GA-ZI-JU-TO. Nimeimbisha watoto neno hilo, wanapiga makofi, wanaruka. JU iko mbele ya TO. Kwa hiyo jumlisha kwanza, halafu utoe. Lipi la kujadili hapo?

Yule binti akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. "Ya Rabi, Madam, usinichekeshe na swaumu hii, sina nguvu."

"Unacheka nini?"

"JU na TO ni ndugu wa tumbo moja! Hakuna mkubwa. Anayetangulia kushoto ndiye unayeanza naye. Neno limewapanga hivyo kwa sababu mdomo hauwezi kutaja vitu viwili kwa pamoja."

Damu ikanipanda. Nikamwambia mimi nimefundisha hesabu yeye akiwa bado ananyonya. Nikamwambia asiniletee Kiswahili cha pwani kwenye hesabu. Nilisema maneno mengi, sitayarudia yote. Nikakusanya vitabu, nikasimama, natafuta kiatu changu mlangoni. Wakati huo huo adhana ikatoka, mama yake akaingia na sinia ya futari, akaniona nimeshika kiatu kimoja.

"Mwalimu, unaondoka watu wanafuturu? Utatutia aibu. Kaa."

Huwezi kumkatalia mama wa mtu. Nikakaa, nimevimba. Yule binti alikula tende moja, akanywa maji, akavuta sahani ya tende ikawa katikati yetu. Hakunitazama usoni. Akahesabu tende kumi mbele yangu. "Natoa tatu," akaziweka kando. "Naongeza mbili," akazirudisha. "Hesabu, Madam."

Kwa magazijuto yangu, tatu na mbili ni tano, kumi toa tano ni tano. Kwenye sahani zilikuwa tisa.

Nilihesabu tena kwa kidole. Tisa. Mama yake alidhani nahesabu kwa uchoyo, akanisogezea sahani yote, "Kula mwanangu, zipo nyingine." Nilikuwa naona darasa langu lote, madawati na vichwa vilivyonyolewa, wanaimba. Majibu yao niliyasahihisha kwa wino mwekundu, na hesabu nyingi nilizitunga mwenyewe, kwa hiyo na majibu yalikuwa yangu. Nani angenikamata? Kwenye chuo cha ualimu nilikuwa na kikokotoo, kikawa kinafanya sawasawa na kunifichia. Kalkulasi ndiyo iliyonivua nguo, kwa sababu kikokotoo hakiruhusiwi chumba cha mtihani. Nililia pale pale kwenye futari ya watu. Yule binti hakucheka tena, akanisogezea uji wa pilipili manga, akasema, "Kunywa Madam, angalau sasa tumejua."

Mngetegemea niwaambie kwamba kuanzia hapo mambo yalininyookea. Wapi! Kujua ni siku moja. Mkono ni kitu kingine. Muhula ulianza, na mkono wangu uliozoea miaka yote ile ukaendelea kuchora ule upinde bila kuniuliza. Nafumbua macho, upinde huo hapo juu ya jumlisha. Naufuta. Mstari unaofuata, huo tena. Kwenye jaribio la kwanza nilikuwa makini hadi jasho likanitoka, bado nikapata alama za kuchekesha, maana upinde mmoja ulinipita kwenye swali lenye alama nyingi.

Halafu zikaja zile safu za namba zisizo na mwisho. Kuna aina moja ambayo alama zinapishana: jumlisha, toa, jumlisha, toa, hadi Yesu arudi. Mhadhiri alipoiandika ubaoni nikaweka kalamu chini. Shetani mwenyewe asingenitungia adhabu nzuri kuliko ile. Nilitoka kipindini nikakaa kwenye ngazi, sijui niende wapi. Mama akapiga simu jioni hiyo kuuliza hali yangu. Nikamwambia nzuri. Akauliza kama nakula. Akauliza kama huku kuna baridi. Akauliza wale wa disko huwa wanaambiwa lini. Nikamwambia mama, nina kazi, nikakata.

Dawa niliipata mwenyewe, na ilikuwa ya kienyeji. Kwa kuwa mkono unataka kujumlisha kwanza, nikasema basi, tusiwe na toa kabisa. Kila nikiona alama ya toa, naifunga mabano na namba yake, naifanya namba hasi, mbele yake naweka jumlisha. Kumi, jumlisha hasi tatu, jumlisha mbili. Sasa yote ni jumlisha. Anza kokote, jibu ni tisa. Mkono ukatulia. Yule binti alipoona karatasi yangu imejaa mabano akasema, "Madam, hii ni hesabu au ukuta wa tofali?" Lakini akakagua, akakuta majibu ni sahihi. Nikarudia muhula mzima hivyo, swali juu ya swali, asubuhi kabla ya vipindi, mchana wenzangu wakiwa wamekaa kibandani wanakula chipsi. Niliota mabano.

Ubaya wake ni mmoja, mabano yanakula muda. Kwenye mtihani wa mwisho msimamizi alipotangaza kwamba muda unakaribia kwisha, nilikuwa bado na swali zima la safu. Nikawaza niache mabano nikimbie. Nikijiachia, upinde unarudi. Nikifunga mabano, simalizi. Nikafunga mabano. Niliandika taratibu, machozi yananidondokea kwenye karatasi, nayafuta kwa kiganja ili wino usitawanyike. Sikumaliza. Waliponinyang'anya karatasi nilikuwa katikati ya mstari. Nilitoka nje, yule binti akaniuliza vipi, nikamwonyesha kiganja chenye wino.

Siku za kusubiri matokeo nilikuwa mtu aliyekufa anayepika ugali. Nilianza kukunja nguo zangu. Nilimwambia mwenye nyumba kwamba huenda nikaondoka. Nilishatunga hata maneno ya kumwambia mwalimu mkuu.

Matokeo yalitoka mchana mmoja, niko nje ya chumba changu nafua. Mikono ilikuwa na povu, simu inaniteleza. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukafunguka. Nikatafuta kalkulasi. C. Nikaangalia jina juu, ni langu. Nikafunga, nikafungua upya. C. Nikakaa juu ya ndoo, ndoo ikapinduka, nikakaa kwenye maji ya nguo nacheka peke yangu. Malori yanapanda barabara kuu kwa mngurumo, na mimi napiga kelele, nimepita, jamani, nimepita!

Nikampigia mama.

"Mama, nimefaulu! Ile hesabu nimefaulu! Hakuna disko, hawanirudishi!"

Nikadhani mtandao umekata.

"Mama?"

"Nipo. Mungu ni mwema." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hongera, mwanangu. Umehangaika sana."

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi. Nafurahi sana." Nikasikia akivuta kiti. "Kwa hiyo hii miaka mingine yote, bado uko huko?"

"Niko huku, mama. Mpaka nimalize."

"Haya. Mimi nilishamwita fundi akapaka chokaa kile chumba chako. Nikasema ukija usikute kuta chafu. Na meza nimeisogeza dirishani, upate mwanga wa kusahihishia daftari za watoto."

Nilibaki nimekaa kwenye maji yale, simu sikioni, nguo zimenilowa. Muhula mzima nilimwomba Mungu nifaulu. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza mama yangu, peke yake kwenye nyumba ile, alikuwa anaomba nini.

"Nitakuja likizo, mama," nikasema.

"Ee, njoo," akasema. "Chokaa haiozi."